Mafunzo yaliyofika Oktoba: uchambuzi wa kisa cha kikundi cha hifadhi ya ardhi kwenye miteremko ya Kigoma

Kisa hiki ni cha kufundishia. Kijiji chake hakina jina kwa sababu kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika vijiji vya miteremko inayoshuka Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Kigoma Mjini kuelekea mpaka wa Burundi. Idadi za watu, hekta na siku za kazi ni za mfano, zimewekwa ili hesabu iweze kufanyika. Sheria, vipimo vya kitaalamu na majira ni vya kweli. Tumewaandikia viongozi wa vikundi vya mazingira, kamati za maliasili na maafisa wa halmashauri wanaopanga mafunzo, maana hao ndio wanaoamua fedha kidogo zilizopo ziende wapi kwanza.

Hali ilivyokuwa

Kijiji kina vitongoji vinne. Viwili viko juu, kwenye mihogo, maharage na kahawa kidogo. Cha tatu kipo bondeni penye michikichi, na cha nne kiko ufukweni kwa wavuvi wa dagaa. Juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima, kuna hekta 180 za miombo ambazo kijiji kilikubaliana zamani ziwe msitu wa hifadhi. Chini ya msitu huo kuna korongo la mita 400 linalorefuka kila msimu wa mvua, na kando yake kijito kinacholisha mradi wa maji ya mserereko unaohudumia vitongoji viwili vya chini.

Mambo hufuatana kila mwaka kwa mpangilio uleule. Agosti au Septemba moto unapanda mlima. Novemba mvua zinaanza, nazo zinakuta udongo uko wazi. Kufikia Desemba kidakio cha maji kimejaa tope, bomba limeziba, na kaya 38 za bondeni zinalala roho juu kila anga linapotanda usiku.

Kikundi cha hifadhi kina wanachama 26, wanawake 15. Mwaka wake wa kwanza wa ufadhili kilipewa vitu vitatu: warsha ya siku tano mjini kwa viongozi wanne, viriba (mifuko ya kuoteshea miche) na mbegu za miche 8,000, na vifaa kadhaa pamoja na mabango. Warsha ilifanyika Oktoba. Mbegu zilisiwa wiki mbili baadaye. Miche ikapandwa mwishoni mwa Januari ikiwa mifupi, ikapata miezi mitatu tu ya mvua, na moto wa Agosti ukaipitia. Iliyobaki ilikuwa ile ya pembezoni mwa kijito.

Ripoti ya mwaka ilieleza kwamba jamii inahitaji elimu zaidi ya utunzaji wa miti. Hapo ndipo tunapotofautiana na ripoti. Watu wa kijiji kile wanajua miti. Kilichokosekana ni kalenda, hesabu ya nguvukazi na sheria ndogo yenye meno, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichofundishwa mjini.

Kuusoma mlima kabla ya kuupangia

Mwaka wa pili kazi ilianza kwa kutembea. Watu wanane walipita kwa mkato kutoka mgongo wa mlima hadi ziwani: wawili kutoka kila kitongoji, na katika kila wawili mmoja mwanamke. Matembezi hayo hufanywa mara tatu: Februari kuona maji yanapopita, Mei kuona nyasi zilivyosimama, Septemba kuona palipoungua. Ukitembea mara moja tu wakati wa kiangazi, korongo utaliona lakini maji yanayolichimba hutayaona, na utaweka vizuizi mahali pasipohusika.

Matembezi ya Mei ndiyo yaliyobadilisha mpango wote. Walipima viplot 20 vya mita 10 kwa 10 ndani ya msitu ulioungua na kuhesabu visiki vinavyochipua. Wastani ulikuwa visiki tisa kwa kila kiplot, yaani 900 kwa hekta. Sasa linganisha. Miche 8,000 ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 inatosha hekta 7.2 tu. Msitu wenye hekta 180 ulikuwa na visiki hai kama 162,000 ardhini, vyenye mizizi iliyokwisha kushika mlima miaka mingi, na kikundi kilikuwa kinavipita kikiwa kimebeba viriba kichwani.

Miti ya miombo, mtundu na mininga ikiwemo, huchipua vizuri kutoka kisikini. Mninga hasa unasumbua kitaluni: mche wake hufa sehemu ya juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, ukijenga mzizi kwanza. Kuulazimisha kwenye kiriba kisha kuupanda mahali ambapo kisiki chake kipo hai ni kupoteza jasho.

Kwa hiyo miche ikapunguzwa hadi 2,000, yote kwa ajili ya pembezoni mwa kijito na mipaka ya mashamba. Mgongoni ukaamuliwa utaratibu ambao Watanzania wengi wameuzoea kwa jina la kisiki hai. Unachagua machipukizi matatu hadi matano yaliyo imara, yaliyonyooka, yanayotoka karibu na ardhi. Mengine unayakata kwa panga kali kutoka chini kwenda juu, ili gome lisichanike. Kwenye yaliyobaki unapogoa matawi ya pembeni hadi nusu ya urefu, usizidi hapo, kisha unafunga kitambaa cha rangi ili mtu ajue kisiki kina mwenyewe. Baada ya miezi mitatu hadi sita unarudi, kwa sababu kisiki hakikomi kuchipua.

Makosa hapa ni mawili, na yote tunayaona mara kwa mara. La kwanza ni kuacha chipukizi moja tu kwa haraka ya kupata mti. Upepo au mbuzi akilivunja, kazi imekwisha. La pili ni kutumia panga butu. Kisiki kilichochanwa huoza, na mwaka unaofuata watu husema njia hii haifanyi kazi.

Anayeanza kujifunza hutengeneza visiki kama 60 kwa siku. Hekta 10 zina visiki 9,000, yaani siku-kazi 150 (siku-kazi moja ni mtu mmoja kwa siku moja). Kikundi kilichagua hekta hizo 10 juu kabisa ya korongo, si zile zilizo karibu na barabara ambako mgeni angeziona kwa urahisi.

Moto

Kisiki kilichopogolewa hakina maana kama Septemba moto utapita. Na moto wa Septemba ni mbaya kuliko wote: nyasi zimekauka hadi shinani, upepo una nguvu, na miombo inakuwa ndiyo kwanza imetoa majani mapya kabla ya mvua. Moto wa Juni unakuta unyevu bado umo shinani, unatambaa chini na kuzima wenyewe usiku umande ukishuka. Kazi ya kikundi kwa hiyo ni kuchagua moto upi upite, wapi, na saa ngapi.

Msitu unapakana na mashamba kwa kilomita 4.2. Barabara ya moto, yaani ukanda unaofyekwa ili moto usivuke, yenye upana wa mita 6 inakuwa na eneo la mita za mraba 25,200. Zote hufyekwa, lakini si lazima zote ziparuliwe. Mita 2 za katikati zikiachwa udongo mtupu zinatosha kuzuia moto mdogo na kuwapa watu mahali pa kusimama. Mtu mmoja hufyeka kama mita za mraba 250 kwa siku na kuparua kama 150. Kufyeka kunahitaji siku-kazi 101, kuparua mita za mraba 8,400 kunahitaji 56. Jumla ni karibu 160. Wanachama 26 wakitoa siku mbili kwa wiki, kazi inakwisha kwa wiki tatu na siku chache. Ukianza tarehe 10 Mei unamaliza mwanzoni mwa Juni, na wiki mbili zinazofuata ndizo za kuchoma mapema, yaani kuwasha kwa makusudi ule moto wa Juni usio na nguvu. Ukianza Julai umechelewa: utakuwa unafyeka nyasi kavu huku mwingine ameshawasha.

Kuchoma mapema kunahitaji kibali kinachopitia kwa mtendaji wa kijiji na afisa misitu wa wilaya, na taarifa kwa majirani wote, kijiji cha upande wa pili wa mlima kikiwemo. Kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Gombe hakiwashi hata njiti kabla ya kuzungumza na askari wa hifadhi. Huwashwa saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, upepo ukiwa umetulia. Unaanzia juu ya mteremko ili moto ushuke kinyume cha upepo. Moto unaoshuka hutembea, unaopanda hukimbia, na anayewasha kutoka chini kwa sababu ndiko njia ilipo anapoteza mlima kwa dakika chache. Watu hawapungui kumi: wawili wanawasha, sita wamepangwa kwenye mstari wakiwa na matawi mabichi na reki, wawili wana mabomba ya kupulizia ya mgongoni ya lita 16 yaliyojaa maji. Bomba lililowahi kubeba dawa ya kuua magugu lioshwe vizuri kabla, kwa usalama wa anayelibeba.

Tunasisitiza hapa kwa sababu fedha nyingi za vikundi huishia kwenye miche, na moto haumo hata kwenye bajeti. Reki kumi, mapanga ishirini, jozi kumi za mabuti, mabomba mawili na jiwe la kunolea: hivyo vimeokoa hekta nyingi kuliko viriba 8,000.

Chanzo cha moto nacho kilibidi kiangaliwe bila kutafuta wa kulaumu. Sehemu ilitoka kwa wanaoandaa mashamba, sehemu kwa warina asali wanaotumia mwenge, sehemu kwa wachoma mkaa. Kuni nazo zilikuwa na sababu iliyosahaulika: kuchemsha chikichi kabla ya kukamua mawese kunakula kuni nyingi, na wanaofanya kazi hiyo wengi ni wanawake wa kitongoji cha bondeni. Kuwakataza msitu bila kuwapa njia ni kuwageuza maadui wa msitu. Walikubaliana kutumia makapi yaliyokaushwa ya chikichi kwenye majiko yaliyojengewa kwa udongo, na kutengewa siku mbili kwa wiki za kuokota kuni kavu zilizoanguka.

Sheria ndogo isiyokuwa sheria

Msitu huu ulikuwa "wa hifadhi" kwa mdomo na kwa bango. Mtu alipokamatwa na magunia ya mkaa aligoma kulipa faini, na mtendaji hakuwa na karatasi ya kumfikisha nayo mahakamani. Muhtasari wa mkutano uliopitisha sheria ndogo ulikuwepo, lakini haukuwa na orodha ya mahudhurio, na sheria zenyewe hazikuwahi kufika kwa madiwani.

Njia iko hivi. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, kamati ya maendeleo ya kata inaipitia na kutoa ushauri, na baraza la madiwani la halmashauri ya wilaya linaidhinisha. Msingi wake ni Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982. Bila hatua ya mwisho ulichonacho ni makubaliano ya hiari. Msitu wenyewe unatangazwa chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, na unahitaji mipaka inayojulikana, mpango wa usimamizi na kamati ya kuusimamia. Juu ya hayo yote panatakiwa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, unaoongozwa na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007, na huo hauwezi kusimama kama mipaka ya kijiji chenyewe ina mgogoro. Kikundi kinachochora ramani ya msitu kabla ya kukaa na kijiji jirani kinapanda mgogoro.

Mikutano ilikuwa na tatizo la akidi, na dawa yake ilitoka kwa mzee mmoja mvuvi: itisheni mkutano wakati wa mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wa Tanganyika huvua kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wanakaa nyumbani siku kadhaa. Mkutano uliofanyika siku hizo, saa 8 mchana, baada ya wanawake kumaliza kuanika na kukamua, ulijaa. Katika miaka ambayo ziwa linafungwa kupumzisha samaki, kama ilivyokuwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, nguvukazi ya ufukweni inapatikana katika msimu uleule wa barabara za moto. Hapo pia ndipo mkaa unapovutia zaidi, kwa hiyo mapema panga doria, na mapema panga vibarua.

Mipaka ilirekodiwa kwa simu. Eneo hili lina uzoefu wa muda mrefu: taasisi ya Jane Goodall Institute ilianzisha TACARE, mpango wa hifadhi na maendeleo ya vijiji, mwaka 1994 katika vijiji vinavyoizunguka Gombe, na waangalizi wa misitu waliochaguliwa na vijiji vyao wamekuwa wakirekodi wanachokiona kwa simu za Android. Simu ya kawaida hukosea mita 3 hadi 10, na chini ya miti minene huzidi hapo. Hilo halidhuru doria. Kwa mpaka unaogombewa linadhuru sana, na hapo anatakiwa mpima wa wilaya na alama za zege. Fundisha watu sita, siku mbili, simu ikiwa mkononi na data ikiwa imezimwa, maana mgongoni mtandao haushiki. Ramani ipakuliwe mapema, na betri ya akiba ibebwe.

Korongo na mitaro

Mpango wa kwanza ulitaka hekta 5 za mitaro ya fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu kuwa tuta. Hebu tufanye hesabu ambayo hakuna aliyeifanya warshani. Kwenye mteremko wa asilimia 20, ukitaka tofauti ya wima ya mita 1.5 kati ya mtaro na mtaro, umbali wa mlalo ni mita 7.5. Hekta moja inahitaji mita 1,333 za mtaro. Mtaro wa sentimita 60 kwa 60 unatoa udongo wa mita za ujazo 0.36 kwa kila mita, na mtu mzima mwenye jembe na sururu anamaliza kama mita 4 kwa siku. Hekta moja ni siku-kazi 333. Hekta tano ni zaidi ya 1,660. Kikundi cha watu 26 wakitoa siku mbili kwa wiki kwa wiki 40 kinapata siku-kazi 2,080 kwenye karatasi. Ukitoa misiba, malaria, palizi na mavuno, shika nusu yake: 1,040. Mpango wa mitaro peke yake ulikuwa unazidi uwezo wa mwaka mzima.

Zilichimbwa mita 300 tu, juu ya kichwa cha korongo, kwa siku-kazi 75. Kipimo kilikuwa fremu ya A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa juu, mwamba mmoja katikati, uzi na jiwe. Isimamishe, weka alama uzi unapogusa mwamba. Igeuze miguu ibadilishane mahali, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndiyo usawa. Wengi huruka hatua ya kuigeuza, na fremu ikiwa imepinda kidogo mtaro mzima unaelekea upande mmoja. Maji hukusanyika pale chini, hupasua tuta, na umechimba korongo jipya kwa mikono yako. Ndani ya mtaro acha kingo ndogo za udongo kila mita 5 ili maji yasitembee. Upepo ukivuma uzi hautulii, kwa hiyo pima asubuhi. Na miguu ya fremu isikanyage juu ya nyasi zilizolala, isimame kwenye udongo.

Juu ya tuta palipandwa nyasi za vetiva, shina kila sentimita 15. Mita 300 zinahitaji mashina 2,000, kwa hiyo kitalu cha vetiva kinatakiwa kianze mwaka mmoja kabla au mashina yaombwe kwa aliye nayo. Mteremko unaozidi asilimia 50 haukuchimbwa hata kidogo. Huko ni nyasi na visiki.

Korongoni viliwekwa vizuizi vya mawe. Kanuni yake ni rahisi: kilele cha kizuizi cha chini kiwe usawa mmoja na mguu wa kizuizi cha juu yake. Kizuizi cha sentimita 60 kwenye sakafu yenye mteremko wa asilimia 10 kinafuatwa na kingine mita 6 chini. Kila kimoja kinaingizwa nusu mita ndani ya kuta mbili za korongo, katikati kinakuwa chini kuliko pembeni kwa sentimita 20 hadi 30 ili maji yapite hapo, na chini yake panatandikwa mawe bapa ya kupokea maji yanayoanguka. Kizuizi kilichonyooka juu kama ukuta wa nyumba hupeleka maji pembeni, yanazunguka, na mvua mbili baadaye kimebaki kimesimama peke yake katikati ya korongo lililopanuka. Anza juu ushuke. Kazi ya mwaka huo iliishia mita 120, vizuizi 20, kwa siku-kazi 100.

Ukijumlisha barabara ya moto 160, kuchoma mapema 40, visiki 150, mtaro 75, korongo 100, kitalu 120, na doria ya watu wawili mara mbili kwa wiki kwa wiki 26 ambayo ni 104, unapata 749. Zinabaki karibu 290 za akiba. Mpango usio na akiba huvunjika msiba wa kwanza unapotokea.

Mafunzo yakapangwa upya

Fedha ya warsha ya siku tano ililipia nusu siku nane kijijini. Sheria ndogo na utunzaji wa vitabu Februari. Moto wiki ya kwanza ya Mei, papo hapo mpakani. Kitalu Juni, maana mche unahitaji miezi minne hadi mitano kabla ya kupandwa Novemba au Desemba, mvua ikiwa imelowesha udongo hadi sentimita 30. Visiki Julai. Fremu ya A na korongo Agosti na Septemba, mahindi yakiwa yametoka shambani. Sharti lilikuwa moja: anayefundishwa ndiye atakayefanya, na chombo alichofundishiwa kinabaki kijijini siku hiyo. Mwenyekiti na katibu waliendelea kukaribishwa, lakini bomba la mgongoni lilifundishwa kwa wale watakaolibeba.

Kuhusu mtaji, mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, unaogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hauna riba. Unafaa kwa mizinga au kitalu cha kuuza miche ya michikichi. Usiuchukue kwa ajili ya barabara ya moto: moto uliozuiwa hauleti rejesho.

Usiku wa mvua kubwa

Visiki na vizuizi huchukua miaka, na kaya 38 za bondeni zinahitaji kulala salama msimu huu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji, na kamati ya hapa ilifanya mambo machache yanayowezekana.

Vipima mvua viwili vilitengenezwa kwa chupa zenye kuta zilizonyooka: kata shingo, igeuze kama faneli, jaza changarawe na maji hadi mstari wa sifuri juu ya mkunjo wa chini, bandika rula. Husomwa kila siku saa 3 asubuhi, na usiku wa mvua kila saa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huchukulia milimita 50 ndani ya saa 24 kuwa mvua kubwa. Kijiji kikaamua kwamba udongo ukiwa umelowa kwa siku kadhaa, milimita 30 zinatosha kuamsha watu. Namba hiyo ni ya kijiji, na itarekebishwa kadiri daftari linavyojaa.

Walifundishwa pia kuangalia kijito. Maji yakipungua ghafla mvua ikiendelea kunyesha, kuna kitu kimeziba juu, na kikiachia kitashuka na kila kitu. Hapo hausubiri kipimo. Filimbi ndefu tatu ni kujiandaa, filimbi zisizokoma ni kuondoka. Njia ya kuondoka inapanda pembeni ya bonde hadi shuleni, haifuati kijito kwenda chini. Kaya saba zenye wazee, wajawazito au watu wenye ulemavu kila moja ilipewa majirani wawili kwa majina, na zoezi lilifanywa usiku, tochi mkononi, kabla ya Novemba. Zoezi la mchana halikuonyesha kwamba daraja la magogo halionekani gizani.

Ufukweni kuna jambo moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Alama za kijiji zilipimwa kutoka kwenye maji ya kiangazi. Ziwa Tanganyika lilipanda 2020 na 2021, likapanda tena 2024, na maji yakaingia katika makazi na maeneo ya bandari ya Kigoma. Alama zinapimwa upya kutoka mstari wa juu kabisa ambao maji yalifika, unaoonekana bado kwenye kuta na mashina ya miti.

Lililobaki

Theluthi ya eneo linalotiririsha maji kwenye korongo iko kijiji cha jirani, ambacho hakipati tope wala hakinywi maji ya bomba hilo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu halmashauri za vijiji viwili kuingia makubaliano ya matumizi ya pamoja ya ardhi, na huko ndiko kazi ya mwaka wa tatu inakokwenda. Rasimu inapendekeza mambo matatu: jumuiya ya watumia maji itenge sehemu ya makusanyo yake ya mwezi kulipia vibarua wa kijiji jirani watakaotunza visiki na barabara ya moto upande wao, siku za kuokota kuni ziwe zilezile kwa vijiji vyote viwili, na kuchoma mapema kufanywe jioni moja, pande zote za mlima, kwa kibali kimoja. La kwanza bado linabishaniwa. Wanaolipia maji wanauliza kwa nini walipe tena, na hawajaonyeshwa daftari la siku ambazo bomba lilikauka kwa sababu ya tope. Daftari hilo lipo kwa fundi wa bomba, na linatakiwa lisomwe mbele ya mkutano mkuu ujao, mwezi ukiwa mpevu.